Usisubiri uwanjani, mbio ziko njiani

Mwisho wa Februari au mwanzoni mwa Machi, Moshi inapojaa wageni wa Kilimanjaro Marathon, mashabiki wengi hufanya kosa lilelile. Wanaingia mapema uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, wanatafuta kivuli, wanakaa zaidi ya saa mbili wakisikiliza muziki na matangazo, kisha wanasimama sekunde arobaini kumpigia makofi mtu wa kwanza. Ni sawa na kwenda kwa Mkapa siku Simba na Yanga zinacheza, ukabaki nje kwenye foleni ya chipsi, ukaingia refa akipuliza filimbi ya mwisho. Matokeo umeyapata. Mechi hujaiona.

Marathoni ni kilomita 42 na mita 195, na anayesema inachosha kuangalia simlaumu, kwa sababu kaonyeshwa vibaya. Kamera iko juu ya pikipiki, mbele yake watu wanne wasiobadilika sura, mtangazaji anarudia majina yaleyale, nusu saa inakatika. Lakini ushindani upo palepale, umejificha kwenye vitu vidogo: sekunde, hatua, chupa iliyoponyoka mezani, bega lililopanda. Ukishavijua, kilomita ya 30 haikuachii nafasi hata ya kwenda kuepua chai.

Tuanze na hesabu. Namba ya kushika kichwani ni dakika 3 kwa kilomita. Anayekimbia hivyo mwanzo mpaka mwisho anamaliza kwa 2:06:35, yaani saa 2, dakika 6 na sekunde 35. Kila sekunde moja unayoongeza au kupunguza kwa kilomita inazaa sekunde 42 mwishoni. Ukiwa na hizo mbili, mengine yanajileta. Mwendo wa 3:05 unatoa 2:10 na ushee, wa 2:55 unatoa 2:03 na ushee. Mtanzania Gabriel Geay alipokimbia 2:03:00 kule Valencia mwaka 2022 alikuwa anakata kila kilomita kwa 2:55 kasoro kidogo. Marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya, na ile 2:00:35 ya Chicago mwaka 2023, alikuwa kwenye 2:51 na nusu. Tofauti yao ni sekunde tatu na ushee kwa kilomita, muda wa kupiga chafya. Zikusanye safari nzima, unapata karibu dakika mbili na nusu, na kwa kasi hizo ni zaidi ya mita mia nane.

Kwenye televisheni muda huletwa kila kilomita 5. Ukiona 15:00 ujue ndiyo ile 2:06:35. Ukiona 14:30 wanaelekea 2:02, na 15:30 wanaelekea karibu 2:11. Boston wanahesabu kwa maili, na hapo ndipo mashabiki wengi hupotea. Maili moja ni kilomita 1.609, kwa hiyo 4:46 kwa maili ni kama 2:58 kwa kilomita. Huo ndio mwendo aliokwenda nao Mtanzania Alphonce Simbu alipokuwa wa pili Boston, Aprili 2025, kwa 2:05:04.

Hesabu ya mwisho ni ya kugeuza sekunde kuwa mita. Dakika 3 kwa kilomita ni kilomita 20 kwa saa, mita tano na nusu kila sekunde. Mtu aliyeachwa sekunde 10 yuko nyuma mita 55, zaidi kidogo ya nusu ya uwanja wa mpira. Lakini barabarani pima kwa sekunde, mita uziache. Wakianza kupanda kilima kasi inapungua na watu wanasogeana kwa mita, watazamaji wanapiga kelele "anamfikia, anamfikia!", kumbe pengo la sekunde ni lilelile. Wakishuka wanaachana tena, na kelele zinageuka kilio. Hakuna kilichobadilika zaidi ya mteremko.

Vifaa ni vichache: simu yenye saa ya kupimia muda, ile ya kuhesabu mizunguko bila kusimama, daftari dogo, na penseli, maana wino wa kalamu unachafuka kwenye karatasi yenye jasho. Chora safu nne: namba ya kifuani, pengo la kwanza, pengo la pili, na moja pana ya maoni. Chagua alama isiyohama upande wa pili wa barabara, nguzo ya umeme kwa mfano, na usimame uitazame moja kwa moja. Ukisimama kwa upande, anayekimbia karibu nawe ataonekana kapita nguzo kabla ya aliye upande wa pili hata kama wako sambamba, na umeshaharibu vipimo vyote. Bonyeza saa pale kifua cha anayeongoza kinapofika kwenye nguzo, kisha kila anayefuata, mpaka wa sita hivi. Anza na anayeongoza hata kama mtu wako ni wa tano. Mashabiki wengi huharibu hapa: wanamtafuta kipenzi chao kwa macho, wa kwanza anapita hawajabonyeza.

Sasa Moshi yenyewe. Mbio za kilomita 42 huanza mapema jua halijapata nguvu. Kwanza zinafuata barabara kuu inayoelekea Himo na Dar es Salaam, zinageuka, zinarudi mjini, halafu zinapanda Mweka na kushuka tena kuja uwanjani. Nusu ya kwanza ni tambarare kiasi. Sehemu za chini za njia ziko kama mita 830 juu ya usawa wa bahari, na juu Mweka wanafika kama mita 1,150. Ni mita mia tatu na ushee ndani ya kilomita kama kumi, yaani kila mita mia unapanda tatu. Ukiwa ndani ya gari unaona migomba na kahawa tu, mlima huuoni. Miguu iliyokwisha kukimbia kilomita 21 inauona vizuri.

Kwa hiyo kuna sehemu mbili za kusimama zenye faida. Ya kwanza ni barabara ya Himo, mahali utakapowaona wakienda na kurudi. Tuseme wanaenda, na wa pili anapita nguzo yako sekunde 14 nyuma ya anayeongoza. Wanarudi kilomita nane baadaye, pengo ni sekunde 9. Amekula sekunde 5 kwa kilomita 8, kama sekunde 0.6 kila kilomita. Sekunde 9 zilizobaki atazimaliza baada ya kilomita 14 na ushee. Kama nguzo yako iko kilomita ya 17, basi atamfikia kwenye kilomita ya 31 au 32, karibu kabisa na juu Mweka. Uwanjani hakuna anayelijua hilo. Wewe unalijua, na sasa una sababu ya kumwita bodaboda.

Hapo barabara ya Himo kuna kitu kingine kinachopendeza. Wanaporudi mjini wanaelekea magharibi, na jua la asubuhi liko nyuma yao, bado chini. Kivuli cha mkimbiaji kinalala mbele yake mita tano au sita. Anayefukuza akikaribia, kivuli chake kinafika kabla yake: kwanza kichwa kinaingia miguuni mwa anayeongoza, kisha mabega. Mwangalie anayeongoza wakati huo. Mwenye nguvu hubaki kwenye mwendo wake kana kwamba hajaona kitu. Mwenye wasiwasi huongeza kasi hatua kumi au kumi na tano, kisha hurudi kwenye mwendo wa awali, na hizo hatua kumi na tano atazilipia Mweka.

Sehemu ya pili ni Mweka, theluthi ya juu ya mlima, kabla ya pale wanapogeuka. Pale wanapogeuka penyewe sipapendekezi. Kuna msongamano, kila mtu anapunguza mwendo kukata kona, na huoni zaidi ya migongo. Shuka mita mia tano hivi, tafuta sehemu iliyonyooka ambapo unawaona wakija kwa muda mrefu. Barabara inafungwa, kwa hiyo panda mapema kwa miguu au kwa njia za pembeni. Jua pia kwamba wa nusu marathoni nao hupanda Mweka hiyohiyo, na njia ikijaa, anayeongoza 42 hulazimika kupenya katikati ya watu. Saa nyingine anapoteza sekunde mbili tatu hapo bila kosa lake. Yaandike kwenye safu ya maoni, la sivyo jioni utadhani alichoka.

Kupanda ni nusu ya habari. Wengi huamini mbio za Moshi zinaamuliwa mtu akipanda. Mimi naona zinaamuliwa akishuka. Mtu akiupanda mlima kwa pupa, ndama na mapafu yanalalamika palepale, anajua amezidisha. Kushuka hakulalamiki mapema. Kila hatua ya mteremko, misuli ya mbele ya mapaja inafanya kazi ya breki, inavutwa huku imekaza, na inachanika kidogo kidogo mpaka ghafla inagoma. Anayeshuka vizuri ana hatua fupi za harakaharaka, mwili umeinama mbele kidogo, nyayo zinatua chini ya kiuno. Anayeshuka vibaya ameegemea nyuma, kisigino kinatangulia mbali mbele yake, na unasikia pa, pa, pa kwenye lami. Huyo hata akiwa na sekunde 20 mkononi usimwekee dau. Na mkakamao wa misuli hupenda kuja kwenye mita mia chache za kwanza baada ya kugeuka, misuli inapobadilishiwa kazi kutoka kusukuma kwenda kufunga breki.

Muda wa Moshi usiulinganishe na wa Valencia. Huku kuna joto la mwisho wa Februari na kuna mlima, kule kuna tambarare ya pwani na baridi ya Desemba. Nasikia watu wakimdharau mshindi wa nyumbani kwa kuwa "muda wake mkubwa". Mpeleke yule wa Valencia Mweka kwanza.

Tuje kwenye macho. Alama za uchovu ziko kwa mpangilio, na uso ndio wa mwisho kuaminiwa. Kuna watu wamekunja sura tangu kilomita ya 5 na wanashinda hivyohivyo. Tazama mabega: yakipanda kuelekea masikioni, shingo imeanza kukaza. Tazama mikono: mkono uliokuwa unakwenda mbele na nyuma ukianza kukatisha kifua, kiwiliwili kinazungushwa ili kusaidia miguu iliyochoka. Kichwa kikiinama upande mmoja na kubaki hapo, huenda kuna mahali panapomsumbua. Na anayegeuka nyuma kutazama mara mbili ndani ya kilomita moja anatafuta ruhusa ya kupunguza.

Kipimo bora ni kuhesabu hatua. Chagua mtu mmoja, hesabu mguu wa kulia ukigusa chini kwa sekunde 20. Wakimbiaji wa kiwango hiki hupiga hatua 180 hadi 190 kwa dakika, kwa hiyo utapata 30 au 31. Mhesabu tena dakika kumi baadaye. Akitoka 31 akaja 29 na kasi yake haijapungua, ina maana anarefusha hatua kwa nguvu ili asiachwe, na hiyo ni akiba ya mwisho. Akitoka 31 akaja 33 kwenye tambarare, kafupisha hatua kwa kuwa mapaja yamekaza. Namba ikibaki vilevile usihangaike naye, huyo yuko salama. Kupitia televisheni unaweza kufanya hivyohivyo mradi kamera itulie.

Ukiwa karibu na barabara, tumia na masikio. Kundi la watu wanne wenye nguvu linapita kwa sauti kama ya mtu anayepangusa meza, shh, shh. Mmoja akianza kusikika peke yake, ndiye atakayeachwa.

Halafu chupa. Kila kilomita 5 hivi kuna meza, na wakimbiaji wa juu huwa na chupa zao zilizochanganywa sukari na chumvi kwa kipimo chao. Mwili unaweka wanga wa kutosha kwa takribani kilomita 30 kwa kasi hiyo, na baada ya hapo anategemea alichokuwa anakunywa. Kwa hiyo aliyekosa chupa kilomita ya 15, mwandike. Haitaonekana kilomita ya 20 wala ya 25. Itaonekana kilomita ya 33, mwili ukigoma bila kutoa taarifa, na mtangazaji atasema "ghafla". Wewe uliona tangu mapema.

Kuhusu kushangilia, kuna la kusaidia na la kudhuru. "Kaza mangi!" na "Kaza chalii!" zina utamu wake, lakini mkimbiaji anayefukuza anahitaji namba. Mpe pengo la sasa na lile la awali: "Sekunde kumi na mbili, ilikuwa kumi na nane!" Maneno nane, na umempa sababu ya kuendelea. Usimpe namba ya kubuni ili kumtia moyo. Akikuta si kweli kwenye kona inayofuata anavunjika kuliko angeachwa kimya. Usimpe maji, chungwa wala glukosi nje ya meza rasmi, maana msaada wa aina hiyo kwa anayegombea nafasi unaweza kumfanya aonywe au aondolewe. Usikimbie naye sambamba kumvuta. Na wenye pikipiki: kukaa mita tano mbele ya mkimbiaji ili umpige picha ni kumlisha moshi kwenye mlima, pale pale anapovuta hewa nyingi kuliko sehemu yoyote ya njia.

Kwa mbio za nje, tuko kwenye majira ya kubahatisha usingizi. Berlin (Septemba) na Valencia (Desemba) huanza saa nne asubuhi na ushee kwa saa zetu, siku ya Jumapili. London ni adhuhuri. Boston ni Jumatatu ya tatu ya Aprili, na wanaume wa juu wanaondoka kama saa kumi na nusu jioni kwetu, wakati wa kutoka kazini. Tokyo imetutangulia saa sita, kwa hiyo mbio zao za asubuhi ni usiku wetu wa manane. Vibanda umiza vya Arusha havitakufungulia marathoni, kubali tu. Ni simu yako. Video ya ubora wa kati hula megabaiti 500 hadi 700 kwa saa, hivyo weka bando la GB 2 na uchaji simu kabla umeme haujakatika. Matangazo ya mtandaoni huchelewa nusu dakika au zaidi nyuma ya mbio zenyewe, na ukurasa wa matokeo unawahi kuliko picha. Funga makundi ya WhatsApp. Kuna mjuaji mmoja kila kundi.

Kabla hujaanza kuangalia, jua ni mbio za aina gani. Mbio za jijini kama Berlin na Valencia zina wavuta kasi, watu wanaolipwa kuongoza mpaka kilomita ya 25 au 30 kwa mwendo uliopangwa, kisha wanatoka. Hapo ushindani wa kweli unaanza mvuta kasi wa mwisho anapokwenda pembeni. Tazama nani anasogea mbele bila kuambiwa na nani anajibana nyuma ya mgongo wa mwenzake. Olimpiki na mashindano ya dunia hayana wavuta kasi. Hakuna anayetaka kuwakatia wenzake upepo, mwendo unakuwa wa pole, kundi kubwa, kisha kisu kinatoka mwishoni. Boston nayo ina tabia ya mashindano, na njia yake kutoka Hopkinton ina vilima vya Newton kati ya kilomita ya 26 na ya 33. Inashuka kupita kiasi na kwenda upande mmoja, ndiyo maana muda wa pale hauhesabiwi kuwa rekodi ya dunia. Kanuni inataka mteremko usizidi mita moja kwa kilomita, yaani mita 42 kwa safari yote, na mstari wa kuanzia na wa kumalizia usitenganishwe kwa zaidi ya nusu ya umbali. Geoffrey Mutai alikimbia 2:03:02 pale mwaka 2011, hakuna aliyekuwa ameenda kasi hiyo, na haikuandikwa.

Hapa Tanzania tumerithi pia wakimbiaji waliokataa kujificha. Filbert Bayi wa Karatu, Februari 2, 1974, Christchurch, mita 1,500: aliongoza mwanzo mpaka mwisho, John Walker wa New Zealand akimfukuza, akamaliza kwa 3:32.16. Walker aliyekuwa wa pili naye alikuwa ndani ya rekodi ya dunia ya zamani ya Jim Ryun. Muda ule ulibaki rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mpaka 2022. Juma Ikangaa naye alikuwa wa mbele daima. Boston ya 1988 alishindwa na Ibrahim Hussein kwa sekunde moja, 2:08:43 kwa 2:08:44, akawa wa pili tena 1989 na 1990, katikati akaichukua New York kwa 2:08:01. Anayekimbia mbele peke yake anapasua upepo kwa ajili ya wote, na bado wapo wanaochagua hivyo kwa sababu wanamwogopa mtu mwenye mbio za mwisho. Ukimwona mkimbiaji anachomoka mapema mno, kabla ya kumwita mjinga angalia nani yuko kundini. Huenda anajua kwamba akifika mita 400 za mwisho na yule mtu, amekwisha.

John Stephen Akhwari wa Mbulu anatajwa kila mwaka kwa ile Mexico 1968, akichechemea kuingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Inanikera kidogo kwamba hadithi inaishia hapo. Mwaka 1970, Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edinburgh, alikuwa wa tano kwa 2:15:05. Alikuwa mshindani, si picha ya kufundishia uvumilivu.

Mwisho wa mbio, ukiwa uwanjani au mbele ya simu, jua kamera inatafuta nini. Kinachohesabiwa ni kiwiliwili kufika kwenye ukingo wa mstari ulio karibu. Kichwa, shingo, mikono na miguu havihesabiwi. Ndiyo maana wanaokaribiana hutupa kifua mbele na kuvuta mikono nyuma. Kosa la kawaida ni kutupa kifua mapema, hatua mbili kabla, kwa sababu ukishainama huwezi kuongeza hatua ya maana, unaanguka tu. Kamera ya mstari haipigi picha ya eneo zima. Inachukua kipande chembamba cha mstari wenyewe, mara nyingi sana kwa sekunde, na kuvipanga vipande hivyo ubavuni mwa vingine, ndiyo maana picha yake hutoka na miguu iliyopindapinda. Muda wa barabarani huandikwa kwa sekunde nzima, na sehemu inayozidi hupandishwa juu: 2:09:47.1 inaandikwa 2:09:48.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Tokyo, Septemba 15, 2025. Simbu na Amanal Petros wa Ujerumani wote wameandikiwa 2:09:48, Iliass Aouani wa Italia 2:09:53. Petros alikuwa mbele wakiwa kwenye mita za mwisho uwanjani, Simbu akamfuata mpaka mstarini, na picha ikatoa tofauti ya sekunde 0.03. Kwa kasi ya watu wanaofyatuka hivyo, ni pungufu ya shibiri moja, baada ya kilomita 42. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Muda wa jumla wa 2:09:48 ni 3:04 na nusu kwa kilomita, mwendo ambao wote wa mbele siku ile wangeweza kuupita wakitaka. Walikataa kutaka, mmoja baada ya mwingine, kwa kilomita arobaini, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Rudia kuiangalia video hiyo kuanzia kilomita ya 35 ukihesabu hatua. Ina mafunzo mengi kuliko zile sekunde tatu za mwisho zinazozunguka kwenye simu.

Jambo moja dogo kuhusu saa: zawadi za walio mbele huamuliwa kwa muda wa bunduki, tangu mlio wa kuanzia. Muda wa chipu, unaoanza unapokanyaga mkeka wa mstari wa kuanzia, ni wa wale maelfu walio nyuma. Kwa hiyo jirani yako wa ofisini akikuambia alimshinda fulani "kwa chipu", anaweza kuwa mkweli.

Washindi wakishapewa maua usiondoke. Nunua ndizi, kaa chini, jaza daftari kabla hujapiga soga na mtu, kwa sababu soga hubadilisha kumbukumbu: namba ya kifuani, pengo la kwenda, pengo la kurudi, nani alikosa chupa, nani alishuka kwa visigino. Andika na nguzo ipi ulisimama nayo. Mwakani itakuwa palepale.